Nairobi hadi Mombasa kwa pikipiki ya umeme: soketi zilikuwepo, saa hazikutosha

Kampuni ndogo ya kusambaza vifurushi jijini Nairobi ilikuwa inafungua tawi Mombasa na ilitaka pikipiki moja ya umeme ifike huko. Kuipakia kwenye lori kungekuwa rahisi. Mwenye kampuni aliamua iendeshwe, kwa sababu alitaka kujua kama siku za mbele vifurushi vinaweza kupita njia hiyo bila petroli, na ni wapi pikipiki itapata umeme. Majina ya kampuni, mwendeshaji, hoteli na vituo vya mafuta yameondolewa. Miji imeachwa kama ilivyo, maana bila miji hesabu za kisa hiki hazina maana.

## Chombo

Pikipiki ilikuwa na betri mbili za lithiamu za volti 72, kila moja ampea-saa (Ah) 45. Hiyo ni takriban uniti 3.2 (kWh) kwa betri, na jumla ni uniti 6.5. Betri hazikuwa zikitumika pamoja. Mota ilivuta kutoka betri A hadi ikaribie kwisha, kisha ikahamia betri B, na kulikuwa na swichi chini ya kiti ya kuhamisha kwa mkono. Uzito wote, pamoja na mwendeshaji, sanduku na vifaa, ulikuwa karibu kilo 250.

Chaja zilikuwa mbili za ampea 15 kila moja. Zikifanya kazi pamoja ziliingiza kwenye betri takriban wati 2,250 na kuvuta ukutani kama ampea 11. Soketi ya kawaida ya Kenya ina plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo kwa maandishi zote mbili zingeweza kukaa kwenye soketi moja.

Kabla ya hapo kampuni ilifikiria pikipiki za kukodi betri, zile za kufika kituoni, kuacha betri tupu na kuondoka na iliyojaa. Wazo hilo liliachwa mapema. Betri za mpango huo ni mali ya kampuni inayozikodisha, zina kifaa cha kufuatiliwa, na zikitoka nje ya eneo la huduma zinaweza kuzimwa kutoka mbali. Kwa mwendeshaji wa bodaboda asiyetoka mjini mpango huo ni mzuri sana. Kwa safari ya kilomita 480 unakuacha bila betri porini. Ndiyo maana walinunua pikipiki yenye betri zao wenyewe, zinazochajiwa popote penye soketi.

## Ramani ilisema nini, na simu zilisema nini

Fundi wa kampuni aliandaa orodha ya vituo vya kuchaji kati ya Athi River na Mombasa kutoka kwenye programu za ramani. Orodha ilionekana ya kutosha. Alipopiga simu moja baada ya nyingine, ikapungua hadi karibu kwisha.

Baadhi vilikuwa kabati za kubadilisha betri. Hizo humtumikia mteja wa kampuni husika tu: umbo la betri ni tofauti, plagi ni tofauti, na bodi iliyo ndani ya betri lazima itambulishane na kabati kabla mlango haujafunguka. Vingine vilikuwa chaja kubwa za magari, za umeme wa moja kwa moja (DC), tofauti na ule wa ukutani. Chaja hizo nyingi huanza kutoa umeme kwenye volti 150 au 200, na pikipiki ya volti 72 haifiki hata mlangoni. Kilichobaki kilikuwa nguzo moja ya kuchajia magari kwenye hoteli upande wa Makindu, ya umeme wa kawaida na plagi ya Type 2, aina ya plagi ya magari ya umeme. Nguzo ya namna hii ndiyo pekee ambayo pikipiki inaweza kuitumia, kwa kuwa inatoa volti 240 zilezile za ukutani.

Baada ya simu hizo fundi alibadilisha swali. Badala ya kutafuta vituo vya kuchaji alitafuta soketi: vituo vya mafuta vyenye duka au gereji, nyumba za kulala wageni, hoteli za madereva wa malori. Alipata watu waliokubali Emali, Mtito Andei, Voi na Mackinnon Road, kwa bei ya KSh 40 kwa kila uniti itakayosomwa kwenye kipima umeme cha kuchomeka ambacho mwendeshaji angekuja nacho. Bei hiyo iliwekwa juu ya gharama ya tokeni kwa makusudi. Mwenye duka asipopata faida, mara ya pili atasema soketi imeharibika.

Watu wengi wamesikia kwamba mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, KSh 16 kwa uniti kabla ya tozo, na nusu yake saa zisizo na msongamano. Bei hiyo ni ya mteja aliyesajiliwa kwenye daraja hilo. Mwenye duka la Emali ananunua tokeni kama biashara nyingine yoyote, na mwendeshaji anayedai bei ya EPRA kwenye soketi ya duka anamwonea.

## Mpango

Siku ya kwanza: Nairobi hadi Voi, kilomita 330 hivi, kuchaji Emali (km 125) na Mtito Andei (km 235), kisha kulala Voi. Siku ya pili: Voi hadi Mombasa, kuchaji mara moja katikati, kufika saa sita mchana.

Hesabu ya matumizi ilifanywa kwa kuendesha pikipiki ikiwa na mzigo uleule kwenye barabara ya Nairobi kuelekea Athi River asubuhi mbili mfululizo, kwa mwendo wa kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Ilitoka wati-saa 43 kwa kilomita (wati-saa 1,000 ni uniti moja). Kwa kiwango hicho betri zilizojaa zinafika kilomita 135 zikibaki na asilimia 10. Vipande vyote vya mpango vilikuwa chini ya kilomita 126.

Vifaa vilivyopakiwa: chaja mbili, waya wa ekstensheni wa mita 20 kwenye kibiringo, kipima umeme, fyuzi tano za ampea 13, bisibisi, tepu, na adapta ya Type 2 iliyotengenezwa na fundi kwa ajili ya nguzo ya hotelini, kama akiba. Mwezi ulikuwa Julai.

## Siku ya kwanza

Mwendeshaji alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara ya juu ya Nairobi Expressway, hivyo alipita chini pamoja na malori. Alifika Emali saa mbili na dakika ishirini, betri A ikiwa imekwisha na B ikiwa na asilimia 33. Wastani wa zote mbili ulikuwa asilimia 19. Matumizi: wati-saa 42 kwa kilomita. Mteremko ulichangia, kwani barabara inashuka kama mita 500 kutoka Nairobi hadi hapo. Hadi dakika hiyo mpango ulikuwa umekaa sawa.

Soketi ya Emali ilikuwa ndani ya duka la kituo cha mafuta, pikipiki ikasimama nje kivulini. Waya wa kibiringo ulivutwa mita sita tu, mita kumi na nne zikabaki zimeviringwa. Chaja zote mbili ziliwashwa. Baada ya dakika ishirini mhudumu akatoka nje akamwambia, "Kaka, hiyo waya yako inanuka." Plagi ilikuwa imelainika na kibiringo kilikuwa cha moto kiasi cha kutoshikika.

Alizima, akautandaza waya wote chini, akawasha chaja moja tu, na kumtuma kijana wa bodaboda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaletewa waya wa milimita za mraba 2.5, mita 10, plagi imara na soketi ya kufunga. Kuunganisha na kurudi kwenye chaja mbili kulichukua dakika arobaini na tano kwa jumla. Aliondoka saa tano na nusu akiwa na asilimia 90. Kwenye mpango alitakiwa awe ameondoka saa nne na nusu.

Kutoka Emali upepo ulikuwa umeshaamka. Kwa mwendo uleule wa kilomita 57 kwa saa kipimo kilionyesha wati-saa 53 kwa kilomita. Alipofika maeneo ya Makindu, kilomita 42 mbele, jumla ilikuwa asilimia 56. Zilibaki kilomita 68 hadi Mtito Andei, na kwa matumizi hayo zingekula asilimia 56 kamili. Alisimama. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Angeweza kujipa moyo kwamba upepo utatulia, na wengi ndivyo wanavyosukuma pikipiki.

Hapo palikuwa na hoteli yenye nguzo. Alitoa adapta na kugundua kwamba haiingii. Nguzo ilikuwa na waya wake uliofungwa humo humo, wenye kichwa cha kuingizwa kwenye gari. Adapta ilikuwa imetengenezwa kwa nguzo yenye tundu tupu. Dakika thelathini na tano zilipotea kutafuta meneja, kufungua programu ya malipo na kujaribu visivyowezekana. Mwishowe askari wa hoteli alimwonyesha soketi nyuma ya chumba cha kufulia, na meneja akakubali kwa bei ileile ya KSh 40.

Tatizo jingine likajitokeza. Betri A ilikuwa na asilimia 22 na B ilikuwa na 90. Chaja ya pili haikuwa na kazi ya kufanya. Kwa saa moja na dakika ishirini chaja moja iliongeza asilimia 44 kwenye A, ambayo kwa jumla ni 22 tu. Aliondoka saa nane na dakika ishirini akiwa na asilimia 78, akashusha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, na kuanzia hapo akawa anahamisha swichi ya betri kila kilomita ishirini hivi. Matumizi yalishuka hadi 47. Alifika Mtito Andei saa kumi kasorobo alasiri na asilimia 29.

## Mtito Andei

Hakukuwa na stima. Matengenezo yaliyopangwa, umeme urudi saa kumi na moja jioni. Kituo cha mafuta kilikuwa na jenereta ya pampu na taa tu.

Mwendeshaji alimpigia mwenye kampuni. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kusubiri stima, kuchaji hadi asilimia 88 na kuondoka kama saa moja na dakika kumi usiku. Ya pili, kulipia mafuta ya jenereta kubwa ya hoteli jirani. Ya tatu, kulala hapo.

Kipande cha Mtito Andei hadi Voi, kilomita 95, kinapita kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tembo na nyati huvuka barabara, malori yanakwenda kilomita 80 kwa saa, na pikipiki ya kilomita 50 yenye taa ndogo ya nyuma ni hatari hata kwa anayeifuata. Njia ya kwanza ilikataliwa kwa sababu hiyo. Ya pili ilikataliwa kwa hesabu: hata jenereta ikiwaka papo hapo, ilihitajika asilimia 59 ya ziada, yaani karibu saa mbili, na jua kule Julai huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Angefika Voi gizani vilevile. Alilala Mtito Andei kwenye nyumba ya wageni ambayo bei ya chumba ilijumuisha kuchaji, betri zikaingizwa chumbani na kuchajiwa kwa zamu, moja moja, plagi ikiguswa kila baada ya muda kabla hajalala.

## Siku ya pili

Aliondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, kumepambazuka, betri zote zikiwa zimejaa na upepo ukiwa bado umelala. Alifika Voi saa mbili na dakika kumi na asilimia 37. Matumizi yalikuwa wati-saa 43. Kwa kuwa betri zote mbili zilikuwa zimepungua sawa, chaja zote mbili zilifanya kazi mwanzo hadi mwisho. Ilipofika saa nne na nusu zikawa zimejaa.

Kutoka Voi kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, lilikuwa limekaza tena, wati-saa 51 kwa kilomita. Alisimama Mackinnon Road saa sita, mahali ambapo wasafiri wengi husimama kuswali kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, na maduka ya pembeni yamezoea wapita njia. Betri zilikuwa na asilimia 45 na joto la nyuzi 43. Bodi za betri hizo hukataa kuchajiwa zikizidi nyuzi 45, kwa hiyo alizitoa kwenye sanduku, akaziweka kivulini juu ya mbao, ndipo akachomeka. Saa moja na dakika tano zikaongeza hadi 81. Foleni za malori kuanzia Mariakani hadi Changamwe hazikumla betri nyingi, kwa kuwa mwendo mdogo hauna upepo wa kupigana nao. Aliingia Mombasa saa tisa na robo na asilimia 20.

## Matokeo

Kilomita 482. Uniti 22 hivi zilitoka kwenye betri, wastani wa wati-saa 46 kwa kilomita. Njiani zilinunuliwa kama uniti 19, zikiwemo tano zilizojumuishwa kwenye chumba, na gharama ya zile nyingine ilikuwa karibu KSh 560. Pikipiki ya petroli ya 150 cc ingetumia lita 10 hadi 12. Kuchelewa dhidi ya mpango: saa tatu na robo. Hakuna kilichoungua zaidi ya plagi na kibiringo, na pikipiki haikusukumwa hata mita moja.

## Uchambuzi

Stima ya Mtito Andei haikuwa sababu. Mwenye kampuni aliandika kwenye ripoti yake kwamba kukatika kwa umeme ndiko kulikoharibu siku ya kwanza. Hesabu hazimuungi mkono. Ili kufika Voi kabla ya giza ilibidi aondoke Mtito Andei kabla ya saa kumi na nusu, na alifika hapo saa kumi kasorobo na asilimia 29. Stima ingekuwepo asingeweza. Siku ilikuwa imeshapotea Emali na kwenye hoteli ya nguzo. Hata hivyo, tangazo la kukatwa umeme lilikuwepo: Kenya Power hutangaza mapema maeneo na saa za matengenezo yaliyopangwa, na kulisoma kungemfanya achaji zaidi Makindu na asitegemee Mtito Andei.

Mpango wenyewe ulikuwa mwembamba. Jambo hili linafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndilo litakalomsumbua kila anayesafiri kwa pikipiki ya umeme. Kilomita 330 kwa wati-saa 47 ni uniti 15.5. Ukianza na 6.5, na ukitaka kufika na uniti moja ya akiba, lazima uingize 10 njiani. Kwa wati 2,250 hizo ni saa nne na nusu za plagi. Ongeza saa sita na nusu za kuendesha, na dakika kumi na tano kwa kila kituo za kufungua, kuchomeka na kulipa. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi unafika saa kumi na moja na nusu jioni, na giza linaingia kama saa moja baadaye. Waya mmoja wenye joto umeshakula akiba hiyo yote.

Kanuni ya mkononi inayotokana na hesabu hii: kwa chaja hizi, kila kilomita inadai sekunde 71 za kuendesha na sekunde 75 za kuchaji. Saa moja barabarani ina deni la saa moja kwenye soketi. Anayepanga kwa kutazama umbali kati ya vituo pekee anaona nusu ya safari.

Kukimbia hakuokoi muda. Kwa upepo wa wastani wa mbele, makadirio ya pikipiki hii ni wati-saa 44 kwa kilomita ukienda 50, na 68 ukienda 70. Jumlisha muda wa kuendesha na wa kuchaji: kwa 50 ni sekunde 142 kwa kilomita, kwa 70 ni sekunde 160. Mwendo wa haraka unafika baadaye. Tofauti kati ya 40 na 60 ni ndogo sana, na hapo ndipo usalama unapaswa kuamua: penye malori mengi na bega jembamba la barabara, 60 ni bora kuliko 45 ya kupitwa kila dakika. Kujificha nyuma ya lori ili likukinge upepo kunashusha matumizi kweli, lakini usilifanye kamwe. Huoni shimo wala breki.

Kusi halikuwekwa kwenye hesabu. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa inaelekea kusini-mashariki, na kusi linavuma kutoka kusini-mashariki. Kuanzia Aprili hadi Septemba anayeshuka pwani analikabili usoni, na anayepanda bara anasukumwa nalo. Majaribio ya Athi River yalifanywa alfajiri, wakati hewa imetulia. Siku ya pili ilionyesha tofauti waziwazi: wati-saa 43 kabla ya saa mbili asubuhi, 51 kuanzia saa nne na nusu. Mteremko wa mita 1,700 kutoka Nairobi hadi baharini, ambao wengi hudhani ni msaada mkubwa, unatoa kama uniti 1.2 kwa safari nzima, chini ya wati-saa tatu kwa kilomita. Siku ya pili, kwa kila kilomita, upepo wa mchana uliondoa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Waya. Ekstensheni ya kibiringo ilikuwa ya milimita za mraba 0.75, ingawa plagi yake iliandikwa ampea 13. Mita 20 za waya huo zina ukinzani wa takriban omu moja kwenda na kurudi. Kwa ampea 11 zinapoteza zaidi ya volti 11, na wati 125 zinageuka joto. Zikiwa zimeviringwa joto hilo halina pa kutokea. Waya wa 2.5 kwa urefu uleule ungetoa wati 40 tu. Birika la wati 2,000 halithibitishi kwamba soketi au waya ni mzima, maana huzima baada ya dakika tano. Chaja hukaa saa mbili. Jaribio linalofaa ni kuwasha chaja zote, kungoja dakika kumi, na kugusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa huwezi kuiacha mkono hapo, zima moja.

Adapta. Wazo lilikuwa zuri na kipimo kilikosewa. Nguzo ya Type 2 haitoi umeme hadi ihisi chombo. Kwenye waya wa mawasiliano nguzo inaweka volti 12. Chombo kinazishusha hadi 9 kwa kinzani cha kiloomu 2.7 chenye dayodi, kisha hadi 6 kwa kuongeza kinzani cha kiloomu 1.3 sambamba nacho. Kwenye 6 nguzo inafunga swichi yake kuu. Fundi aliyafanya hayo yote vizuri, akaweka na fyuzi ya kujikata ya ampea 16, jambo la lazima kwa sababu nguzo ya ampea 32 haitajua kama waya mwembamba wa pikipiki unaungua. Kilichomkosesha ni swali moja la simu: je, nguzo ina waya wake, au ina tundu tu? Yenye tundu inataka plagi upande wa adapta. Yenye waya wake inataka tundu, lile linalokuwa kwenye mwili wa gari. Picha moja ya nguzo kwa WhatsApp ingetosha. Kazi hii ifanywe na fundi umeme, na adapta iwe na kinga ya kuvuja kwa umeme, si kwa kubahatisha na tepu.

Betri moja baada ya nyingine. Hili halikutajwa na yeyote kabla ya safari, na ndilo lililogharimu zaidi hotelini. Betri zikitumika kwa mfuatano, ukisimama katikati ya njia unakuta moja tupu na nyingine imejaa. Uwezo wako wa kuchaji unakatika nusu. Tena betri moja inabeba mkondo wote na kupata joto zaidi. Kuhamisha swichi kila kilomita ishirini kulirudisha chaja ya pili kazini siku ya pili. Pikipiki zinazounganisha betri sambamba hazina shida hii, lakini nyingi zenye betri za kutoa haziziunganishi.

Kilichofaa. Simu za kabla ya safari ziliokoa safari hii. Kipima umeme kilizuia ubishi wa bei, na hakuna mwenye duka aliyelalamika. Kusimama Makindu kwa asilimia 56, na kulala Mtito Andei, yalikuwa maamuzi mawili yaliyofanywa mapema, wakati bado palikuwa na nafasi ya kuchagua.

## Kilichobadilishwa

Pikipiki ya pili ilitumwa Agosti kwa mpango wa siku tatu: Nairobi hadi Makindu kilomita 167, Makindu hadi Voi 163, Voi hadi Mombasa 152, kila siku ikiwa na kituo kimoja cha kuchaji kikubwa na kuanza kuendesha kunapopambazuka ili kilomita mia za kwanza ziishe kabla ya kusi kuamka. Waya ni wa 2.5, mita 10, bila kibiringo. Maswali ya simu yaliandikwa kwenye karatasi moja: soketi iko kivulini au juani; nani ana ufunguo saa nne asubuhi; kuna tangazo la kukatwa stima siku hiyo; jokofu au mashine gani nyingine iko kwenye waya huohuo wa ukutani; na kama ni nguzo, tuma picha. Kila mji una soketi ya pili iliyoafikiwa, isipokuwa kati ya Mtito Andei na Voi. Kilomita 95 hizo bado hazina soketi ya akiba, na haziingiwi na betri zilizo chini ya asilimia 90.